Wajane Waliosahauliwa katika Mgawo



Dominika hii twawageukia kwa namna ya pekee ninyi waamini wa vigango vya Handeni na Korogwe, na hasa ninyi makatekista, tupate kutafakari pamoja juu ya fedha za misaada. Wako wadhanio kwamba fedha si jambo la kuzungumzwa kanisani. Mitume hawakufikiri hivyo.

Sura ya sita ya Matendo ya Mitume yatusimulia kwamba Kanisa lilipokuwa bado changa, lilipatwa na manung'uniko. Chakula kilikuwapo, mgawo ulifanyika kila siku, lakini wajane wa wale waliosema Kiyunani walisahauliwa. Mitume hawakuwakemea walalamikaji, wala hawakulificha jambo lile. Waliwakusanya wanafunzi wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Tena tuyaangalie majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao. Yote ni majina ya Kiyunani! Yaelekea basi kwamba upande uliosahauliwa ndio uliokabidhiwa kugawa.

Ndugu zetu, ugonjwa wa UVIKO-19 ulitangazwa kuingia nchini Machi 2020. Ulipita katika nyumba zote, lakini haukuziacha zote katika hali moja. Mwenye mshahara aliendelea kuupokea. Mama aliyeuza matunda kando ya barabara kuu, na kibarua wa shamba la mkonge, waliishi kwa kipato cha siku. Siku ilipokosa kipato, akiba haikuwapo. Shule zilipofungwa kwa miezi kadhaa, mtoto mwenye vitabu nyumbani alisoma, na asiye navyo alichunga mbuzi. Kweli, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kisha fedha zilikuja. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinishia Tanzania mkopo wa zaidi ya dola milioni 567 za Marekani. Oktoba 10 mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa kuzitumia, shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya elimu, afya, maji na mengineyo. Madarasa 15,000 yalipangwa kujengwa. Twamshukuru Mungu kwa kila mtoto aliyepata dawati. Lakini tusisahau kwamba ule ni mkopo, na mkopo hulipwa. Utalipwa kwa kodi, na mjane wa kijijini anunuapo sabuni na sukari, naye analipa. Ikiwa yumo katika deni, kwa haki gani atolewe katika mgawo?

Mbali na mkopo huo, iko njia nyingine ya msaada. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020, ulitaka kaya za kupewa ruzuku zitambuliwe mbele ya mkutano wa wanakijiji. Aidha, tangu mwaka 2018 sheria yaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ikopeshe bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro katika utoaji wake, ikarejeshwa mwaka 2024.

Sheria ni njema, lakini haina miguu ya kumfuata mtu hadi kitongojini. Kikundi chatakiwa kuwa na katiba na akaunti ya benki. Asiyejua kuandika atafanyaje? Na yule mlemavu akaaye mbali na Chanika au Korogwe mjini, nani atampasha habari? Hapa ndipo ilipo kazi yetu.

Kwanza, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Tusikae kimya jina la ndugu yetu lipandishwapo na la yatima kuachwa. Ukimya huo nao ni dhambi.

Pili, Jumuiya Ndogo Ndogo zazijua nyumba zote. Basi katekista na awasaidie wanyonge kuandika katiba ya kikundi, wala asiulize dini ya mtu. Jirani yetu Mwislamu aliugua pamoja nasi. Na apone pamoja nasi. Tena wanyonge wenyewe wawekwe katika kamati, kama Mitume walivyofanya.

Tatu, hesabu zisomwe hadharani. Mtume Paulo, alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka kuibeba sadaka ile peke yake. Alifuatana na wenzake waliochaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu. Ikiwa Paulo alitaka mashahidi, mweka hazina wa kikundi chetu asikasirike akiulizwa.

Matendo ya Mitume yasema kwamba baada ya mgawo kunyoshwa, neno la Mungu lilizidi kuenea. Huenda na kwetu pia Injili inangoja mgawo wa haki ndipo isikike.

Ee Bwana, uliyewaona wajane waliosahauliwa, utupe macho ya kuwaona wetu, na ujasiri wa kuwataja majina. Amina.