Dakika Kumi Kabla ya Kufungua Sanduku



Hapa Kidodi jua likichomoza wengi wetu tuko kwenye miwa tayari. Tukisoma habari za Martha na Mariamu, Luka 10:38-42, kusema kweli tulimwonea huruma Martha. Chakula angepika nani?

Hata hivyo tulijiwekea dakika kumi za kukaa kimya mbele za Mungu kabla ya kufungua sanduku. Wengine tulisinzia, tusifiche.

Mwaka wetu wa nne malipo ya miwa yalichelewa, mwenzetu mmoja akashindwa kurejesha mkopo. Tulifika kikaoni tumeshaamua: tukachukue cherehani yake. Tukakaa kimya. Siku hiyo hakusinzia mtu. Ndipo mmoja wetu akauliza, "Jamani, tukiichukua, hilo deni atalilipa na nini?"

Tukamwachia, alipe kidogo kidogo. Tuliogopa, maana fedha ni za wote. Tulimwachia Mungu, lakini daftari hatukuliacha. Kila wiki tulihesabu. Alimaliza msimu uliofuata.

Sare hizi mnazoziona leo ameshona yeye.