Njia za Mlima Kenya ni za Nani?

Desemba 1963, Kenya ilipokuwa ikipokea uhuru wake, mpanda milima mmoja kijana, Kisoi Munyao, alikabidhiwa bendera mpya ya taifa akaipeleka mpaka kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, akaisimamisha huko. Miaka miwili kabla yake, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa amefanya kazi kama hiyo juu ya Kilimanjaro kwa bendera na Mwenge wa Tanganyika. Nchi hizi mbili jirani zilikuwa zinatangaza jambo moja: kwamba mlima, ambao kwa miaka mingi ulikuwa umezungushiwa sheria za mkoloni, umerudi mikononi mwa wenyewe.

Lakini kilele hakina wakazi. Wenye haja na mlima kila siku ni watu wa chini, wale ambao mashamba yao ya chai, kahawa na mahindi yanakoma pale msitu unapoanzia, huko Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka Nithi na Meru. Kwa hiyo swali la maana si nani aliyeweka bendera juu ya theluji. Swali ni nani anayeruhusiwa kupita katika msitu wa umma, kwa njia ipi, na kwa faida ya nani. Swali hilo limeisumbua Kenya kwa zaidi ya miaka 100, na hadi leo halijapata jibu lililokamilika.

Historia yenyewe inafahamika. Septemba 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika kilele cha Batian akiwa na waongozaji wawili wa Kizungu. Mizigo ya msafara wake ilikuwa imebebwa na wapagazi wengi, Waswahili na Wakikuyu, ambao majina yao hayakupewa kilele wala bonde lolote. Baada ya hapo serikali ya kikoloni iliutangaza msitu kuwa hifadhi yake. Mtu aliyezaliwa chini ya Kirinyaga, ambaye wazee wake walisali wakiuelekea mlima huo, sasa alihitaji kibali ili akate ufito au apeleke mbuzi malishoni. Mwaka 1949 sehemu ya juu ikafanywa hifadhi ya taifa, wakati ambapo kupanda mlima kwa ajili ya kujifurahisha ulikuwa mchezo wa Wazungu, na Mwafrika aliyeonekana kwenye njia zake alikuwa amebeba mzigo wa mtu mwingine.

Kisha ikaja hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Wapigania uhuru waliingia katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, wakaishi humo, wakazijua njia za tembo na nyati kuliko askari waliokuwa wakiwasaka. Mwaka 1953 misitu hiyo ilitangazwa kuwa eneo lililokatazwa, na aliyeonekana ndani yake aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa. Hata hivyo mkoloni hakutosheka. Wanavijiji, wengi wao wanawake, walilazimishwa kuchimba handaki refu kandokando ya msitu, likapandwa miti iliyochongwa ncha kali, ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Wanawake hao walichimba kwa mikono yao mpaka uliowatenga na kuni zao, maji yao, na mara nyingi waume na wana wao. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini neno lolote kuhusu mipaka ya msitu linapokewa kwa mashaka katika vijiji vya Kenya ya kati, na aanze na handaki hilo.

Uhuru uliliondoa handaki. Haukuondoa, hata hivyo, ile fikira kwamba msitu ni mali ya serikali na kwamba serikali ni kitu kilicho mbali na watu. Na mali isiyo na mwenyewe haichelewi kupata wezi. Mwaka 1999 msitu wa Mlima Kenya ulichunguzwa kwa ndege. Yaliyoonekana kutoka angani yalikuwa ya kutisha: maelfu ya mikafuri na mitarakwa iliyokatwa, matanuri ya mkaa, mashamba ya bangi katikati ya msitu wa asili. Haya hayakuwa mambo ya mama mwenye tita lake la kuni. Magogo makubwa ya kafuri hayabebwi kichwani. Yanahitaji misumeno, malori, na maofisa wanaokubali kugeuza nyuso zao upande mwingine. Mwaka uliofuata msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa, na idara ya wanyamapori ikapewa usimamizi wake.

Hasara iliyokuwa inanyemelea ilikuwa ya taifa zima. Mto Tana, unaoendesha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hupata maji yake kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Maji mengi yanayotumiwa na jiji la Nairobi hutoka katika misitu ya Nyandarua. Mkazi wa Nairobi ambaye hajawahi kuona mwanzi mmoja wa mlimani huunywa msitu huo kila asubuhi.

Ndipo Kenya ilipobadilisha sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na baadaye ile ya mwaka 2016, ziliruhusu wananchi wanaopakana na msitu wa umma kuunda vyama na kutiliana mikataba na idara ya misitu. Haki wanazoweza kupewa zimetajwa wazi: kukusanya dawa za miti shamba, kurina asali, kupata kuni, kukata nyasi na kulisha mifugo. Katika orodha hiyo hiyo, bila kupewa daraja ya juu wala ya chini, zimewekwa pia shughuli za utalii na mapumziko. Jambo hili halikuzungumzwa sana, nalo ni kubwa. Maana yake ni kwamba kutembea msituni kwa ajili ya kupumzisha akili, na kupata riziki kwa kuwaongoza wanaotembea, si anasa ya mgeni wala milki ya mwenye hoteli. Ni haki ambayo mwanakijiji anaweza kuidai kwa mkataba, kama anavyodai mzinga wake wa nyuki.

Lakini hali ilivyo mlimani bado haijaifikia sheria hiyo. Njia zinazotumiwa zaidi ni tatu. Ya Naro Moru, upande wa magharibi, ni fupi, na inajulikana kwa tope lake lisilokauka juu ya ukanda wa msitu. Ya Sirimon, kaskazini-magharibi, ni kavu na ya taratibu. Ya Chogoria, upande wa mashariki, ndiyo inayosifiwa kwa uzuri, kwa kuwa hupita katika msitu mkubwa na mianzi, kisha ikashikilia ukingo wa bonde refu lenye ziwa chini yake. Wanaozipita ni wageni wengi kutoka ng'ambo. Mwananchi hulipa kiingilio kilicho pungufu kuliko cha mgeni, na hilo ni jambo la haki. Hata hivyo, mtu akijumlisha nauli, chakula, malazi na malipo ya mwongozaji, mchuma chai wa Chogoria anajikuta anautazama mlima wake kutoka shambani tu, kama babu yake alivyoutazama. Njia anayoijua yeye ni ile inayoingia msituni kilomita mbili tatu mpaka penye kuni au malisho. Njia hiyo haimo katika ramani za watalii, na pengine ndiyo inayostahili kushughulikiwa kwanza.

Wapo wanaosema kwamba mwananchi wa kawaida hana haja ya kutembea msituni. Shida zake ni nyingine. Vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, vinawajibu. Huko, katika msitu wa serikali, makundi ya wafanyakazi, wanafunzi na waumini wa makanisa hupanda siku za mapumziko, wakafuata migongo ya vilima kupita mitambo ya upepo mpaka upande wa Kona Baridi, Bonde la Ufa likiwa upande mmoja, na ng'ombe wa Wamasai wakilisha kando. Zamani watu waliogopa kwenda huko kwa sababu ya wanyang'anyi. Askari wa misitu walipoanza kuwasindikiza, na watembeaji walipozidi, hofu ilipungua. Msitu wa Karura ulio ndani ya Nairobi si wa mlimani, lakini nao una ushahidi wake. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa huko na walinzi kwa kosa la kupanda miti katika ardhi ambayo wakubwa walikuwa wamekwisha igawana. Leo msitu huo una vijia vya watembea kwa miguu na wapanda baiskeli. Si rahisi kwa mtu kupima viwanja kwa siri mahali ambapo maelfu ya watu hupita wakimtazama.

Hapana budi kukiri kwamba miguu nayo huharibu. Njia isiyochimbiwa mifereji hugeuka korongo msimu wa mvua. Wageni huacha takataka. Watembeaji wakiachiwa mlima bila mwongozo wataupunguzia thamani ile ile waliyoifuata. Dawa yake ni kuwa na watunzaji wa njia wanaolipwa, na hao wapo tayari kandokando ya msitu, wenye majembe na wasio na kazi ya kutosha.

Mjadala unaozidi mingine yote sasa ni wa uzio. Safu ya Nyandarua ilizungushiwa uzio wa umeme wa kilomita 400 hivi, kazi iliyoanza mwaka 1989 ikamalizika mwaka 2009, na Mlima Kenya nao unaendelea kuzungushiwa wake. Wakulima wengi waliupokea kwa furaha, kwa kuwa tembo mmoja aweza kumaliza kwa usiku mmoja mahindi ya mwaka mzima. Itakuwa ni kuwaonea wajenzi wa uzio kuulinganisha na handaki la wakati wa hali ya hatari. Handaki lilichimbwa ili watu wafe njaa. Uzio unajengwa ili watu wavune. Lakini waya unapita karibu na pale pale, mbele ya wajukuu wa wale wale, na kinachoutofautisha na handaki machoni mwao ni lango. Lango likiwa karibu, likiwa na saa zinazojulikana, na ufunguo wake ukiwa katika chama cha wanakijiji pamoja na askari wa misitu, uzio ni wao. Lango likiwa mbali, au likifunguliwa kwa magari ya watalii tu, uzio utakatwa usiku, na hakuna umeme utakaozuia.

Tanzania haiwezi kuyatazama haya kama mambo ya jirani tu. Kilimanjaro ilitengewa mwaka 1941 ukanda wa msitu wa nusu maili kwa matumizi ya Wachagga, chini ya baraza lao wenyewe. Mwaka 2005 hifadhi ya msitu ya mlima huo iliunganishwa na hifadhi ya taifa, na kuni na nyasi zikawa tena jambo la kuombewa ruhusa. Wapagazi wa Marangu na Machame wanayafahamu maswali ya Chogoria bila kuelezwa.

Mwaka 2012, na tena mwaka 2019, moto mkubwa uliunguza nyika za juu za Mlima Kenya. Wananchi wa kujitolea waliongozana na askari wa wanyamapori na wa misitu kwenda kuuzima, wengi wao kwa miguu, wakiwa na mapanga na matawi mabichi mikononi. Mikataba ya vyama vyao na idara ya misitu ndiyo inayopasa kueleza ni sehemu gani ya kiingilio cha kila njia itarudi kijijini, na ni nani atakayelipwa kuifyeka na kuichimbia mifereji kabla ya mvua za masika.