Simba na Majani
Hotuba kwa wakazi wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi



Wakazi wa Mukuru kwa Reuben ni majirani wa simba. Ng'ambo ya Barabara ya Mombasa iko Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ya kwanza katika Kenya. Wengi huuliza: simba ana faida gani? Jibu limo katika majani.

Mnyama alaye majani, asipokuwa na adui, hukaa pale apapendapo na kula mpaka ardhi ikabaki tupu. Simba, chui na fisi humfanya awe macho na kuhama, na majani hupata nafasi ya kuota tena. Hivyo hofu peke yake hufanya kazi, hata siku ambayo hakuna aliyeliwa.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2014 wataalamu waliofanya kazi Laikipia walieleza kwamba swala pala huepuka vichaka vizito, ambamo chui na mbwa mwitu huvizia. Humo miti yenye miiba michache husitawi. Mahali peupe, swala wanapokula kwa amani, miti hiyo huliwa, ikabaki ile yenye miiba mikubwa.

Walakini sifa isizidishwe. Katika Serengeti, wingi wa nyumbu hutegemea zaidi malisho kuliko simba.

Tena, mfugaji aliyepoteza mbuzi hafarijiki kwa habari za majani. Mbuga ya Nairobi ni kilometa za mraba 117 tu, na kwa miaka mingi upande wake wa kusini umeachwa bila ua ili wanyama wapate kwenda Kitengela. Huko, mwezi wa Juni 2012, simba sita waliuawa baada ya kuvamia mbuzi. Wengine hutia sumu katika mzoga. Sumu hiyo huua hata tumbusi, ambao husafisha nchi.

Iko njia iliyo bora. Richard Turere, kijana wa Kimasai aliyekaa kando ya mbuga, akiwa na umri wa miaka 11 alizungushia zizi la baba yake taa ziwakazo na kuzimika. Simba wakadhani mtu anatembea na tochi, wakaenda zao.

Asiye na ng'ombe Mukuru huenda ana ndugu mwenye ng'ombe huko kwao. Na ampelekee habari hii: zizi lilindwe, sumu iachwe.