ASKARI ANAYEMPIGA MWENYE NYUMBA

Kaeni karibu na redio. Karatasi mliyopewa ina maneno yote nitakayosema leo. Aliye hodari wa kusoma na amfuatishie mwenzake mistari kwa kidole.

Somo letu ni habari za daktari mmoja wa Marekani, jina lake Stephen Hauser. Yeye ni daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Kwa karibu miaka 40 alifuata swali moja: ni nani, ndani ya mwili wenyewe, anayewaharibia wagonjwa wake ubongo?

Kwanza tuujue ugonjwa. Tazameni waya wa umeme. Ndani mna shaba, nje pana ganda la mpira. Ganda likichubuka, umeme haufiki sawasawa. Mshipa wa fahamu ni kama waya huo. Ubongo ukitaka mguu uende, hupeleka amri kwa njia ya mshipa. Mshipa nao una ganda lake, laini, lenye mafuta, liitwalo mayelini. Katika ugonjwa huu ganda hubanduka hapa na pale katika ubongo na uti wa mgongo, na palipobanduka hubaki kovu. Ndiyo maana ya jina lake: multipo sklerosisi, yaani makovu mengi. Daktari Jean-Martin Charcot wa Paris, Ufaransa, aliueleza waziwazi mwaka 1868.

Mtu akipatwa, jicho moja laweza kufifia nuru, mguu ukafa ganzi, au mwendo ukayumba kama wa mlevi. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, na wanawake hupatwa kuliko wanaume. Mwaka 2020 ilikisiwa kwamba wagonjwa duniani ni milioni 2.8. Wengi wako katika nchi zilizo mbali na ikweta, lakini kwetu Afrika pia wapo.

Ni nani basi anayebandua ganda hilo? Ni askari wa mwili wenyewe. Katika damu yetu zimo chembe nyeupe, ambazo kazi yake ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Leo tutazitaja aina mbili. Chembe T huwasaka adui na kuwaongoza wenzake vitani. Chembe B hutengeneza kingamwili, ambazo twaweza kuziita mishale. Katika ugonjwa huu askari hukosea. Humpiga mwenye nyumba badala ya mwizi.

Sasa tumrudie Daktari Hauser. Miaka ya 1970 ilipokaribia kwisha, alikuwa daktari kijana huko Boston. Huko alimtibu mwanamke kijana, mwanasheria, ambaye ugonjwa huu ulimwangusha kwa haraka mno. Alipoteza uwezo wa kusema, kisha wa kumeza. Daktari alisimama kando ya kitanda bila dawa ya maana mkononi. Hapo akakata shauri kwamba kazi ya maisha yake ni ugonjwa huu.

Wakati ule karibu wataalamu wote walisema mkosaji ni chembe T peke yake. Walikuwa na sababu. Waliwajaribu panya, na chembe T ziliwatia panya uvimbe katika ubongo. Lakini Hauser aliona kasoro. Uvimbe wa panya haukufanana na makovu ya binadamu. Basi yeye na wenzake wakatafuta mnyama aliye karibu zaidi nasi. Wakachagua kima mdogo sana wa Amerika ya Kusini, aitwaye marmoseti.

Mwaka 1992 Hauser alihamia Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, na kazi ikaendelea. Kufikia mwaka 1995 waliona jambo kubwa. Chembe T peke yake zilileta uvimbe, lakini ganda halikubanduka sana. Zilipoongezwa kingamwili, ganda likabanduka kama kwa binadamu. Mwaka 1999 walionyesha kwamba kingamwili za namna hiyo zimo pia katika makovu ya wagonjwa. Na mwenye kutengeneza kingamwili ni nani? Ni chembe B.

Ilikuwapo dawa moja, rituksimabu, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1997 kutibu saratani ya chembe B. Dawa hiyo huziondoa chembe B katika damu. Hauser alitaka kuijaribu kwa wagonjwa wake. Aliomba fedha za serikali, akakataliwa. Aliambiwa kwamba fikira yake haielekei. Hakutukana mtu wala hakukata tamaa. Alikwenda kwa watengenezaji wa dawa, na baada ya mashauri marefu wakakubali.

Sikilizeni sasa jinsi jaribio lilivyofanywa, maana hapa ndipo penye somo. Wagonjwa walikuwa 104. Watu 69 walipewa dawa, na 35 walipewa maji yasiyo na dawa. Mgonjwa hakujua amepewa nini. Kwa nini kufanya siri hiyo? Kwa sababu mtu akijua amepewa dawa, hujiona amepona kabla ya kupona. Na daktari anayeipenda dawa yake huona nafuu pasipo nafuu. Kisha ubongo wa kila mmoja ulipigwa picha kwa mashine ya sumaku, na madonda mapya yakahesabiwa.

Habari zilichapishwa mwaka 2008. Kwa waliopewa dawa, madonda mapya yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Yaani mahali ambapo wenzao walipata madonda kumi, wao hawakufikisha hata moja.

Lakini palikuwa na jambo la ajabu. Nafuu ilikuja upesi, hali kingamwili katika damu zilikuwa bado nyingi. Basi mishale haikuwa sababu kubwa kama alivyodhani Hauser. Chembe B zenyewe, hata bila mishale, ndizo zilizokuwa zikizichochea chembe T. Daktari alimpata mkosaji, lakini silaha ilikuwa nyingine. Naye aliyasema hayo hadharani, akaendelea kutafuta.

Baadaye ilitengenezwa dawa ya jamii hiyo, okrelizumabu. Ilijaribiwa kwa mamia ya wagonjwa, na mwezi wa Machi 2017 Marekani ikaikubali. Ilikuwa ya kwanza kukubaliwa huko kwa aina ya ugonjwa ambayo huzidi polepole tangu mwanzo bila kupumzika. Tusitie chumvi, ndugu zangu. Dawa hizi hazirudishi kilichokwisha haribika. Huzuia mashambulio mapya. Tena huwapunguza askari, kwa hiyo mgonjwa hana budi kuangaliwa asipatwe na maradhi mengine. Bei yake nayo ni kubwa. Lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitia rituksimabu, kwa ugonjwa huu, katika orodha ya dawa za lazima.

Habari hii inagusa pia Afrika ya Mashariki. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, alieleza uvimbe wa saratani katika taya za watoto. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake kirusi kipya. Kirusi hicho hujificha katika chembe B. Mwaka 2022 Alberto Ascherio na wenzake walieleza uchunguzi wa askari wa Marekani zaidi ya milioni 10. Waliona kwamba mtu akiambukizwa kirusi hicho, hatari ya kupata multipo sklerosisi huzidi mara 32. Hata hivyo karibu watu wote wanacho, na wengi sana hawaugui. Mwaka 2025 Hauser na Ascherio walipewa tuzo moja kwa pamoja.

Ndugu, mkimwona jirani ambaye jicho limefifia au mguu umekufa ganzi kwa ghafula, msimwite mvivu, wala msikae mkinong'ona kwamba amerogwa. Sababu ni nyingi, na ya kweli hujulikana kwa kupimwa. Mpelekeni hospitali. Na mkisikia dawa inasifiwa sokoni, ulizeni maswali haya: Imejaribiwa kwa watu wangapi? Wasiopewa walikuwaje? Nani alihesabu?

MASWALI
1. Ganda la mshipa wa fahamu linafanana na nini?
2. Kwa nini Hauser aliwaacha panya akachagua marmoseti?
3. Kwa nini wagonjwa hawakuambiwa wamepewa nini?
4. Ni jambo gani lililoonyesha kwamba Hauser hakuwa sahihi katika yote?
5. Andika sentensi mbili juu ya ugonjwa ambao watu wa kwenu hubishana kuhusu sababu yake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.