Kiwanja cha Wazi na Viungo vya Mzee

Leo tutazungumza habari za wazee wa mjini, na mahali ambapo wanaweza kunyosha viungo vyao bila kulipa hata senti moja.

Mzee wa shamba hana haja ya kuambiwa afanye mazoezi. Jembe lamtosha, na njia ya kisimani yamtosha. Lakini mzee wa mjini aweza kukaa kitini tangu asubuhi hata jioni. Maji yamo bombani, na sokoni hutumwa mjukuu. Basi misuli isiyotumiwa hulegea, na mtu akiwa mzee hulegea upesi zaidi. Kwanza huona taabu kuinuka. Kisha hujikwaa. Halafu siku moja huanguka akavunjika mfupa wa nyonga, na wengi waliovunjika mfupa huo hawatembei tena kama walivyotembea zamani. Hilo ndilo tunalotaka kulizuia.

Sasa twende Japani. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu ina wazee wengi mno: katika kila watu 100, karibu 29 wametimiza miaka 65 au zaidi. Wengi wao wanakaa katika miji mikubwa kama Tokyo, na baadhi yao wanakaa peke yao. Lakini katika bustani nyingi za miji hiyo utaona jambo la kupendeza. Mapema asubuhi wazee huja kwa miguu, mmoja mmoja, wakaamkiana. Ikifika saa 12 na nusu kamili, kinanda hulia katika redio, na wote huinua mikono juu kwa pamoja.

Mazoezi hayo yalianza kutangazwa tarehe 1 Novemba 1928. Je, wadhani yalianzishwa na madaktari? La, yalianzishwa na watu wa Posta! Usicheke. Posta ya Japani ilikuwa ikiuza bima ya maisha, na maofisa wake walipata habari kwamba kampuni moja ya bima huko New York ilikuwa imeanza kutangaza mazoezi kwa redio mwaka 1925. Mwenye kuuza bima hupenda wateja wake waishi miaka mingi, nao wateja, bila shaka, hupenda vivyo hivyo.

Siku zile si kila nyumba iliyokuwa na redio. Mwaka 1930, katika mtaa wa Kanda mjini Tokyo, askari polisi mmoja alianza kuwakusanya watoto asubuhi, wakati wa likizo, wafanye mazoezi pamoja. Desturi hiyo ikaenea. Redio moja, watu wengi, kiwanja kimoja. Watanzania waliokuwa watu wazima mwaka 1973 wataelewa mara moja, maana katika kampeni ya Mtu ni Afya nao walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio moja.

Lakini haifai nikusimulie mazuri tu. Wakati wa vita watawala wa kijeshi wa Japani waliyatumia mazoezi haya kuwafunza watu kutii amri. Ndiyo sababu baada ya vita Wamarekani walioitawala nchi hawakuyapenda, na mwaka 1947 yakakoma kutangazwa. Yalirudi mwaka 1951, yakiwa na muziki mpya na vitendo vipya, na hayo ndiyo yanayofanywa hata leo.

Vitendo vyenyewe ni 13, navyo huchukua dakika 3 na kidogo tu. Mtu huinua mikono, huzungusha mabega, huinama kando, huinama mbele, hujipinda kiuno, huruka kidogo, na mwisho huvuta pumzi ndefu. Kimoja nakipenda hasa: kukunja magoti kidogo na kuyanyosha tena, huku mikono ikipunga. Mguu unaofanya hivyo kila siku ndio utakaomwinua mzee kitini. Asiyeweza kuruka haruki, na asiyeweza kusimama hufanya akiwa amekaa. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kwamba mtu aliyetimiza miaka 65 afanye mazoezi ya nguvu na ya kujizuia asianguke, siku 3 au zaidi kwa juma. Kifua kikiuma, au kichwa kikizunguka, acha mara moja, ukamwone daktari.

Labda utauliza, “Kwa nini nisifanye chumbani mwangu?” Waweza. Lakini chumbani ni rahisi kusema, “Nitafanya kesho.” Kiwanjani wenzako wanakungoja, na usipoonekana siku mbili watauliza u hali gani. Kwa mzee akaaye peke yake, swali hilo ni jambo kubwa.

Siku hizi miji mingi, ya Japani na ya China pia, imeweka katika bustani vyuma vya kushika, kukanyaga na kusukuma, kwa ajili ya wazee. Ni vizuri. Lakini mimi nikiambiwa nichague, nitachagua kwanza kiwanja kitupu kilicho karibu, chenye kivuli, benchi na choo. Naam, choo. Mzee asiyejua atajisaidia wapi hatoki nyumbani, hata ukimjengea vyuma vya dhahabu. Tena kiwanja chenyewe chahitaji kulindwa, maana mahali pa wazi mjini pana macho mengi, na nyumba ikisha kujengwa hapo haibomolewi kwa urahisi.

Kazi yenu ya juma hili ni hii. Nenda kwa mzee aliye mkubwa kuliko wote katika mtaa wako. Toka mlangoni pake, uhesabu hatua mpaka mahali pa wazi palipo karibu. Je, kuna barabara ya kuvuka? Kuna kivuli? Kuna choo? Kiwanja ni mali ya nani? Ukiwa hujui, ukaulize katika ofisi ya mtaa. Andika majibu kwa sentensi tano, uje nayo darasani, nasi tutayasoma kwa sauti kabla ya kuanza somo lijalo.