Nira ya Ng'ombe Haimfai Punda

Msikilizaji wetu wa Sumbawanga na Ufipa yote, mvua zikianza maksai wanatolewa zizini na plau inafungwa. Nira inawafaa ng'ombe wetu kwa sababu wana nundu: mti unakaa mbele yake, wanausukuma. Shida inaanza unapomvisha punda nira hiyohiyo. Punda hana nundu. Mti unacheza shingoni mwake, unamchubua hadi kidonda, naye anafupisha hatua na kwenda upandeupande. Hapo anaitwa mvivu, na fimbo juu!

Punda anavuta kwa kifua. Mfunge mkanda mpana, wa turubai au gunia lililokunjwa mara kadhaa, si kamba nyembamba inayokata. Mkanda ukikaa juu mno unambana koo, anakosa pumzi. Ukishuka unagonga kiungo cha bega, na mguu wa mbele haufiki mbali. Kwa hiyo uwe na mkanda mwingine mgongoni, karibu na shingo, wa kuushikilia. Jioni ukimfungua, mpapase kifua na mabega. Ukikuta manyoya yamelika, kesho usimfunge kabla hujaurekebisha mkanda.