Kisima cha Pampu ya Mkono na Maji ya Kunywa Mtaani Kwetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa mwaka)



Katika mkutano uliopita ililetwa hoja kwamba fedha za akiba za chama zitumike kuchimba kisima katika kiwanja kilicho nyuma ya ukumbi huu, nacho kitiwe pampu ya mkono, ili mtaa upate maji ya kunywa siku ambazo mifereji imekauka. Hoja ilipigiwa makofi mengi. Kamati ikatuteua sisi watatu tuipeleleze habari hiyo na kuirudisha mbele yenu. Tumekwisha ipeleleza, na twaomba radhi mapema, kwa maana wengi waliopiga makofi hawatayapenda tuliyoyaleta. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwao.

Si ajabu hoja hiyo kupendwa. Mji huu ulipata jina lake kwa Wamaasai kwa ajili ya maji yake baridi, lakini sisi wa Eastlands maji tumeyajua zaidi kwa kuyangoja. Babu zetu waliokaa Pumwani waliyateka kwenye mifereji ya pamoja, na leo, katika nyumba zenye mabomba ndani, bado twaamka usiku kusikiliza kama bomba limeanza kukoroma. Maji mengi ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, ambalo likijaa huweka mita za ujazo milioni 70. Mvua ikikosekana huko milimani, huku chini twapimiwa. Tangu mgao ulipotangazwa Januari 2017 kila mama wa mtaa huu amejifunza kusoma ratiba ya maji kama makarani wanavyosoma kalenda ya mishahara; na tofauti ni kwamba mshahara, hata ukichelewa, huja mchana.

Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20 na zaidi. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 20 tu kwa kunywa, kupika, kufua na kuoga, yahitaji mitungi mitano kwa siku, na wanaoibeba tunawajua. Ni mama zetu na binti zetu, wanaotoka saa kumi alfajiri kwenda kushika foleni, wakarudi gizani. Wenye mikokoteni nao hupandisha bei siku za kiangazi, kwa kuwa wanajua hatuna pa kwenda. Kwa hiyo mwanachama aliposimama akasema, "Tuwe na kisima chetu wenyewe, kisichongoja ratiba wala umeme," alisema neno lililokuwa katika mioyo ya wote.

Na pampu ya mkono si kitu cha kudharauliwa. Wengi wetu tulilelewa mashambani karibu na pampu ya namna hiyo. Twajua mlio wake, na jinsi watoto wawili wanavyoning'inia kwenye mpini ili waweze kuuteremsha. Pampu inayoitwa Afridev, ambayo imeenea katika nchi nyingi za Afrika, ilitengenezwa na kujaribiwa katika miaka ya 1980, kwanza Malawi, kisha hapa petu Kenya, katika pwani ya kusini, wilaya ya Kwale kama ilivyoitwa wakati huo. Kusudi lake lilikuwa kwamba wanakijiji waitengeneze wenyewe bila kumngoja fundi kutoka mjini. Mabomba yake ni ya plastiki, hayashiki kutu, na spana moja yatosha kuifungua. Wanawake wa Kwale walifundishwa kuifungua, kutoa vyuma, kubadili mpira uliochakaa na kuirudisha mahali pake, nao wakafanya hivyo. Tulipoisoma habari hiyo tulifurahi sana, tukadhani kazi yetu imekwisha.

Ndipo tukamwendea mtu mmoja anayefanya kazi ya kuchimba visima, tukamwonyesha kiwanja. Hakukitazama sana. Alituuliza swali moja: "Vyoo viko wapi?"

Swali hilo ndilo liliangusha hoja. Pampu ya Afridev huvuta maji yaliyo chini kwa kadiri ya mita 45. Ikipita hapo mpini huwa mzito, haushikiki. Lakini visima virefu vya Nairobi hupita mita 100, na vingi hupita 200. Maji ambayo pampu ya mkono ingeweza kuyafikia hapa ni yale ya juu tu, yanayojikusanya katika udongo mweusi na nyufa za mwamba ulio chini yake. Na kila mtu aliyepita mtaa huu wakati wa masika ajua ni maji gani yanayoingia katika udongo huo. Kuna vyoo vya shimo upande wa mtoni, kuna mabomba ya maji machafu yaliyopasuka tangu hatukumbuki lini, kuna majaa ya taka. Kisima kifupi katikati ya mambo hayo kingetupa maji meupe, ya baridi, matamu, na ndani yake kipindupindu. Mji huu umeuona ugonjwa huo mwaka 2015, na tena mwaka 2017.

Utamu na weupe wa maji, ndugu zetu, hautuambii lolote. Twaomba mtuvumilie tuwapeleke London kidogo. Mwaka 1854, katika mtaa wa Soho, palikuwa na pampu ya mkono katika njia iitwayo Broad Street, na maji yake yalisifiwa kuliko ya pampu nyingine za jirani. Mama mmoja mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mwendo wa mbali, aliyapenda hata akawa akiletewa chupa yake kutoka huko. Mwishoni mwa Agosti kipindupindu kikaingia, na watu zaidi ya 600 wakafa. Mjane yule akafa, ingawa huko Hampstead hapakuwa na ugonjwa. Na binti wa nduguye aliyekuja kumtazama akanywa maji yale yale, akarudi kwake akafa. Daktari aitwaye John Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikuwa wakinywa maji ya wapi, kisha akawashauri wazee wa mtaa wauondoe mpini wa pampu. Waliuondoa tarehe 8 Septemba. Baadaye ilionekana kwamba shimo la choo la nyumba iliyokuwa hatua chache tu kutoka kisimani lilikuwa likivuja.

Wazee wale walikuwa na kamati kama yetu. Tofauti ni kwamba wao walikutana baada ya mazishi.

Wengine watasema: basi tuchimbe kisima kirefu, tutie mashine ya umeme, tuyaache maji ya juu. Hapo twakubali kwamba uchafu wa vyoo utapungua sana. Lakini maji ya chini sana ya Nairobi yana jambo lake jingine, nalo ndilo tunalotaka kulisema kwa urefu, kwa sababu halizungumzwi foleni wala msikitini wala kanisani. Miamba ya nchi hii ilitokana na moto wa volkano, na maji yanayokaa humo miaka mingi hukusanya madini yaitwayo floraidi. Kidogo chake husaidia meno. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja. Visima vingi vya Nairobi huupita mpaka huo. Tulijaza chupa katika kisima kimoja cha mashine kilicho karibu nasi, ambacho wengi wenu hununua maji yake, tukaipeleka maabara; nacho kimeupita.

Mtoto anayekunywa maji hayo tangu utotoni mpaka kufikia miaka minane hivi, wakati meno ya ukubwani yanapojiumba ndani ya ufizi, huyatoa yakiwa na madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki. Kipimo kikiwa kikubwa mno, kwa miaka mingi, hata mifupa hudhurika. Mtu mzima ambaye meno yake yamekwisha kuota hapati madoa hayo. Ndiyo sababu sisi wakubwa hunywa tukaona hakuna neno.

Mmoja wetu, ambaye ndiye anayeisoma hotuba hii, alidhani yeye na mkewe ni watu waangalifu. Nyumbani kwetu tulinunua maji ya kisima hicho miaka mitano, na kila jioni tukayachemsha, tukayaacha yachemke hasa, wala hatukuona tabu ya gharama ya makaa. Majirani walitusifu. Binti yetu alipotimiza miaka saba meno yake mapya ya mbele yakatoka na madoa. Tulimpeleka kwa mganga wa meno tukilalamika juu ya peremende. Yeye akatuuliza maji, tukamjibu kwa fahari kwamba yanachemshwa. Akatueleza kwa upole kwamba kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haifi, kwa maana haikuwa hai. Maji hupungua kwa mvuke, yenyewe hubaki yote katika sufuria. Hata kila jioni tulikuwa tukimkolezea mtoto. Sasa akicheka huweka mkono mdomoni. Hatuyasemi haya ili mtuhurumie. Twayasema kwa sababu katika mtaa huu tunajua nyumba nyingine zinazofanya vile vile usiku wa leo, kwa nia njema ile ile.

Dawa ya klorini nayo huua vijidudu tu. Floraidi hutolewa kwa chujio maalum. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imetumia kwa miaka mingi makaa ya mifupa ya ng'ombe, yanayoishika floraidi maji yapitapo. Ni kazi nzuri, lakini mifupa hiyo huchoka ikahitaji kubadilishwa kwa kipimo na kwa wakati, na kuna wanachama ambao dini yao haiwaruhusu kila mfupa. Hatukuona kwamba chama chetu kingeiweza kazi hiyo mwaka huu.

Lakini maji yasiyo na floraidi ya kudhuru yapo, nayo hutuangukia vichwani. Paa la ukumbi huu tulilipima kwa kamba: lina mita za mraba 200. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nairobi hupata karibu milimita 900 kwa mwaka, yaani lita 180,000 juu ya paa letu. Tukitoa sehemu moja katika tano kwa yanayomwagika na yale ya kwanza yanayoosha vumbi, hubaki lita 144,000. Tuseme nyumba 100 zenye watoto wadogo, kila moja ipewe lita nne kwa siku za kunywa na kupikia uji wa mtoto, basi: ni lita 400 kwa siku, au lita 146,000 kwa mwaka. Hesabu karibu zalingana.

Hatutawaficha upungufu wake. Mvua haiji kwa kufuata hesabu ya karani. Tangi la lita 10,000 likijaa litatufikisha siku 25 tu, na kutoka Juni mpaka Septemba kuna siku 120 na zaidi. Matangi mawili ndiyo tunayoweza kununua kwa akiba iliyopo pamoja na milizamu ya bati ya kupokea maji ya paa. Siku zitakazobaki, nyumba zenye watoto chini ya miaka minane zipewe kwanza maji ya mfereji, yatokayo milimani, na maji ya kisima yabaki kwa kufua, kusafisha na kumwaga chooni. Maji ya paa pia lazima yatiwe klorini na kungojwa nusu saa kabla ya kunywewa, kwa sababu ndege hawajui kwamba paa ni la chama.

Tena kuna jambo la mtungi. Maji yanaweza kutoka safi yakachafuka njiani. Mtungi uliokuwa wa mafuta, usio na kifuniko, unaozibwa kwa karatasi ya plastiki, na kikombe kinachotumbukizwa pamoja na vidole, huharibu kazi yote. Akina mama wa kamati ya afya wamekubali kutazama mitungi mlangoni mwa tangi. Usio na kifuniko hautajazwa. Wametuambia tayari kwamba wa kwanza kurudishwa atakuwa wa mmoja wetu watatu, na walipoutaja hatukuwa na la kujibu.

Kuhusu foleni, twapendekeza ufunguo wa tangi ukae kwa mama wawili kwa zamu ya wiki, na maji yagawiwe kutoka saa kumi na moja jioni mpaka saa moja, ili mtoto wa kike asitumwe gizani. Daftari liandikwe jina la nyumba na lita, basi. Wasiandike kabila wala kodi ya nyumba.

Hoja yetu, Bwana Mwenyekiti, ni hii: kwamba mkutano huu uifute hoja ya kisima cha pampu ya mkono, kwamba fedha zile zinunue matangi mawili na milizamu, na kwamba maji ya visima vyote vinavyouziwa watu wa mtaa huu yapimwe kila mwaka, majibu yabandikwe katika mlango wa ukumbi. Cheti cha maabara na hesabu ya matangi viko mezani kwa Mweka Hazina. Mwanachama aliyeileta hoja ya kwanza ameketi mbele hapa, naye ameomba aseme kabla kura hazijapigwa. Twaomba apewe nafasi.